Mwongozo kamili: kupanda na kushuka mlima kwa skii huku pwani ya kaskazini ya Norwe, bila kuitiwa helikopta

Ikifika mwezi wa tatu tu simu yangu haipoi. Huyu kaishia katikati ya mlima jasho limemgandia mgongoni, yule ngozi za skii (zile kanda za kupandia) zimebanduka akashuka kwa miguu akizama hadi kiunoni, mwingine kanitumia picha anacheka amesimama chini ya mteremko ambao mimi siku ile nisingepita chini yake hata kwa kulipwa. Na yeye hajui. Hiyo ya mwisho ndo imenifanya nikae niandike yote mara moja.

Hii ni kwa ndugu zangu mlioko Tromsø, Harstad, Alta na huko visiwani, mnaoona wenzenu kazini wanaenda "topptur", yaani kupanda kilele kwa skii, kila wikendi na nyie mnataka. Historia ya skii tuwaachie wenyewe. Sharti ni moja tu, uwe unajua kuteleza kwenye mteremko wa kawaida, kukata kona na kusimama pale unapotaka. Kama bado, nenda kwanza kwenye lifti ya skii, kama ile ya Kroken pale Tromsø, ujifunze msimu mmoja, afu urudi hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Skii za kupandia ni tofauti na zile za kwenye lifti. Kishikizo chake kinaachia kisigino wakati wa kupanda na kukibana wakati wa kushuka. Viatu vyake pia vina swichi nyuma, upande mmoja ni wa kutembea na mwingine wa kushukia. Usinunue mwaka wa kwanza, kodi. Ofisi za BUA zinaazimisha vifaa vya nje bure, waulize kama kituo chako kina skii za namna hii maana sio vyote vinazo.

Ngozi ni zile kanda ndefu zinazobandikwa chini ya skii. Upande mmoja gundi, upande mwingine manyoya yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo zinateleza mbele ila hazirudi nyuma. Bila ngozi hakuna kupanda.

Halafu kuna vitu vitatu ambavyo kila mtu awe navyo, narudia, kila mtu, sio mmoja kwa kundi:

- transiva, kile kifaa cha kuvaa kifuani kinachotuma mawimbi ili ukifukiwa utafutwe
- fimbo ndefu ya kukunja ya kuchoma kwenye theluji, angalau mita 2.4
- sepetu ya chuma, sio ya plastiki, theluji iliyoporomoka inakaza kama zege

Ukiwa na viwili kati ya vitatu huna kitu. Transiva itakuonesha mwenzako alipo, ila utamchimbua na mikono?

Nguo: sufu mwilini, jaketi la kuzuia upepo, na jaketi nene la manyoya ambalo linakaa begini hadi ukisimama. Pamba acha nyumbani, hata ile fulana unayoipenda, pamba ikishika jasho haikauki na kwenye upepo wa bahari inakunyonya joto lote. Glavu jozi mbili. Helmeti, miwani ya theluji, tochi ya kichwani, pawabenki, krimu ya jua (usicheke, mwezi wa nne jua linagonga theluji linakurudia usoni, ngozi yetu nayo inaungua), mkanda wa gundi ile ya nailoni, chai na chakula. Mimi nabeba chapati nimezungushia yai, nazifunga kwenye foili naziweka mfuko wa ndani ya jaketi. Chokoleti ya begini inakuwa jiwe.

## Hatua ya 1: Jioni ya kabla, soma Varsom

Varsom.no ni tovuti ya NVE, wale wa serikali wanaoshughulika na maji na nishati. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Mei wanatoa tahadhari ya maporomoko ya theluji kila siku, kwa kila eneo: Tromsø kivyake, Lyngen kivyake. Usisome ya jirani.

Kuna ngazi 1 hadi 5. Watu wengi wanaangalia namba tu wanafunga simu, na hapo ndo wanapopotea, kwa sababu ngazi ya 3 imekaa katikati basi mtu anajiambia ni nusu tu, ni salama. Sio nusu bwana. Kila ngazi inaruka kuliko ile ya chini yake, na kwenye 3 mtu mmoja kupita juu ya mteremko anatosha kuuporomosha. Wengi wanaokufa wanakufa siku za 2 na 3, kwa sababu siku za 4 na 5 watu wanakaa ndani.

Kwa mgeni sheria yangu ni hii: ngazi ya 1 au 2, nenda na mpango mzuri. Ngazi ya 3, nenda kwenye milima ambayo haina mteremko mkali popote, wala juu yako wala pembeni. 4 na 5 kaa nyumbani upike pilau.

Chini ya namba kuna maelezo ya tatizo lenyewe, soma hayo. Wanataja ni theluji ya aina gani, iko upande gani wa mlima na kuanzia mita ngapi. Wakisema "theluji iliyobebwa na upepo, upande wa kusini na mashariki, juu ya mita 400", tayari umeambiwa pa kukwepa.

Ukifanya vizuri: unaweza kumweleza mwenzako kwa sentensi mbili hatari ya kesho ni nini na iko wapi. Ukishindwa, soma tena.

## Hatua ya 2: Chagua mlima kwenye ramani, sio kwenye picha

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Poromoko lile baya, la bamba zima la theluji kukatika, linahitaji mteremko wa kama nyuzi 30 kwenda juu. Chini ya hapo theluji kwa kawaida haina nguvu ya kuanza kuteleza. Kwa hiyo mgeni anapanda chini ya nyuzi 30. Rahisi. Na kila mtu anaikariri hiyo, afu anaenda kutembea kwenye bonde bapa kabisa, nyuzi 5, huku juu yake kuna ukuta wa nyuzi 40 umejaa theluji. Bonde ni bapa kweli, ila ukuta ukiachia hausimami pale ulipoishia mwinuko.

Kipimo cha haraka: chukua kimo cha mteremko, zidisha mara tatu, huo ndo umbali wa mlalo ambao theluji inaweza kufika ukipima kutoka juu. Mteremko wa mita 200 unaweza kukufikia mita 600. Na huna haja ya kuwa juu yake ndo uachie, ukiwa chini au pembeni uzito wako unaweza kuvunja tabaka dhaifu na ule mvunjiko ukakimbia hadi juu.

Sasa fungua ramani ya mwinuko, ipo hapohapo Varsom. Sehemu kali zimepakwa rangi, kadri rangi inavyokoza ndivyo mwinuko unavyozidi, na kuna kivuli kinachoonesha theluji inaweza kufika wapi. Chora njia yako isiyoguswa na rangi wala kivuli. Njia nzuri mara nyingi inafuata mgongo wa mlima au kichaka cha miti midogo, njia mbaya inafuata korongo. Korongo ni zuri kwa picha, ila kila kitu kinachoanguka kinaishia humo, na ukifukiwa humo unafukiwa kwa kina.

Milima ya kuanzia ipo. Rødtinden kwenye kisiwa cha Kvaløya, jirani na Tromsø, haufiki hata mita 500 na una njia ya upole, ndo maana wikendi umejaa watoto na mbwa. Bado pima mwenyewe kwenye ramani, maana ukitoka kwenye njia ya kawaida na huo nao una kona zake. Lyngen je? Najua, kila mtu anataka Lyngen, ile kivuko cha Breivikeidet na ile milima inayotoka baharini kama meno. Mlima wa Jiehkkevárri huko Lyngen una mita 1834 na barafu ya kudumu yenye nyufa. Itakusubiri.

## Hatua ya 3: Hali ya hewa, hasa upepo

Angalia Yr, ile tovuti ya utabiri wa hali ya hewa, na uangalie ya mlimani, usiishie kwenye ya mjini. Mjini kunaweza kuwa kimya watu wanakula aiskrimu, juu upepo unakuangusha.

Pwani hii inapashwa na mkondo wa bahari wa joto, kwa hiyo halijoto inacheza juu na chini ya sifuri msimu mzima. Leo theluji, kesho mvua hadi mita 500, keshokutwa imeganda kama sahani. Juu ya ile sahani inaanguka theluji mpya na inakosa pa kushika. Kwa hiyo usiniulize tu leo kukoje, niulize wiki nzima ilikuwaje.

Upepo ndo fundi wa maporomoko. Unachukua theluji upande unaopigwa, unaitua upande wa kivuli chake, inakuwa bamba gumu lililokaa juu ya unga. Masaa machache tu yanatosha. Ukiona mlima unafuka moshi mweupe kileleni wakati anga ni safi, huo sio moshi, ni theluji inahamishwa, na upande wa pili wa kilele kunajazwa.

Kingine ni mwanga. Mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halitoki kabisa, achana na milima. Machi hadi Mei ndo msimu. Hata hivyo wingu likishuka mbele ya macho pote panakuwa pamoja, nyeupe juu nyeupe chini, hujui kama unapanda au unashuka, kuna watu wamesimama kumbe bado wanateleza. Kama utabiri unasema ukungu kwenye kimo cha kilele chako, chagua kilele kifupi zaidi au njia yenye miti.

## Hatua ya 4: Panga saa, mwambie mtu

Andika saa ya kuanza na saa ya kugeuka. Kwa mgeni hesabu mita 250 za kwenda juu kwa saa moja, usijipe sifa. Mlima wa mita 500 ni masaa mawili, ongeza saa zima la kuhangaika na vifaa.

Saa ya kugeuka ikifika unageuka hata kama kilele unakiona. Wanorwe wenyewe wana sheria zao tisa za mlimani na moja inasema si aibu kurudi. Aibu tunayo sisi, kwa sababu tumeshaahidi picha.

Mwachie mtu ujumbe: mlima gani, njia gani, gari lipo wapi, nikikaa kimya hadi saa fulani piga 112. Na gari usiegeshe kwenye kona ya mtu au mahali pa kugeuzia greda la theluji. Milima ni ya wote huku, kutembea ni haki yako, ila uwanja wa mtu ni wa mtu.

## Hatua ya 5: Pale kwenye gari, jaribu transiva

Kila mtu awashe. Betri ionekane imejaa, ikiwa nusu badilisha. Mmoja aende mbele mita 20, aweke ya kwake kwenye kutafuta, wengine kwenye kutuma, wapite mmoja mmoja mbele yake. Kila anayepita kifaa lazima kilie na namba ishuke. Halafu mgeuze: yeye atume, wengine watafute. Mwisho hakikisheni wote mmerudi kwenye kutuma.

Vaa chini ya jaketi. Simu ikae mbali nayo angalau sentimita 20, na wakati wa kutafuta mtu angalau 50, maana simu inaichanganya. Nimewahi kumuona jamaa kaviweka vyote mfuko mmoja, kaunganisha na pawabenki juu.

## Hatua ya 6: Bandika ngozi

Futa chini ya skii hadi iwe kavu kabisa. Nasa kwanza ile pete ya mbele, shusha ngozi taratibu ukiikandamiza kwa kiganja, funga nyuma. Pembeni ule ukingo wa chuma uonekane pande zote mbili.

Gundi haitaki theluji. Mara yangu ya kwanza nilizilaza chini, zile ngozi, upande wa gundi ukiangalia ardhi, nikaenda kufunga kiatu. Dakika moja tu. Zilinyanyuka na manyoya ya theluji kama mkate uliopakwa nazi, na nusu ya kwanza ya mlima nilikuwa nasimama kila hatua kumi kuzirudisha, mpaka mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapita akatoa mkanda wa gundi akanizungushia ngozi na skii pamoja bila hata kuniuliza jina. Ndo maana mkanda upo kwenye orodha.

Umefanikiwa ukipiga skii chini kwa nguvu na ngozi haijanyanyuka pembe yoyote.

## Hatua ya 7: Kupanda

Anza ukiwa unasikia baridi. Kabisa, vua jaketi nene hapohapo kwenye gari, huku unaanzia karibu na usawa wa bahari, mwani ulioganda uko hapo chini unauona, na baada ya dakika kumi utakuwa unawaka. Ukianza na joto utalowa, ukilowa utaganda juu. Wengi mnaoniandikia shida ilianzia hapa.

Usinyanyue skii, isukume. Iteleze juu ya theluji kama unavuta ndala sakafuni. Mwili wima, uzito kisiginoni ili ngozi ishike. Ukiinamia mbele unarudi nyuma, ndo pale mtu anasema ngozi mbovu.

Mlima ukikaza usiuparamie moja kwa moja, kata zigizaga. Kona ya kugeuka inatisha mwanzoni: simama imara, nyanyua skii ya juu uigeuze iangalie upande mpya, hamishia uzito wote huko, afu ile ya pili piga kisigino kidogo ili ncha inyanyuke, ilete. Fanya mara ishirini kwenye uwanja kabla hujaifanya kwenye mteremko.

Mwendo sahihi ni ule unaoweza kupiga stori sentensi nzima bila kuhema. Kila saa kunywa, kula kidogo, dakika tano, jaketi nene linatoka begini kabla hujakaa na sio baada ya kutetemeka.

## Hatua ya 8: Macho na masikio njiani

Mlima unaongea. Ukisikia mngurumo mzito chini ya miguu, "vumm", kama godoro kubwa limekaliwa, hilo ni tabaka dhaifu limevunjika. Ukiona ufa unakimbia mbele ya skii, hali kadhalika. Ukiona poromoko jipya popote kwenye mlima unaoangalia upande kama wa kwako. Moja tu kati ya hayo, unarudi kwenye njia ya upole au unarudi nyumbani, hakuna mkutano.

Kileleni kaa mbali na ukingo. Upepo unajenga paa la theluji linaloning'inia hewani, kutoka juu linaonekana ni ardhi. Paa hilo hukatika mbali zaidi kuelekea ndani kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo acha mita nyingi, picha itatoka tu.

## Hatua ya 9: Kubadilisha juu

Mpangilio ni huu: jaketi nene na glavu kavu, ndo ngozi. Bandua ngozi, zikunje gundi kwa gundi, ziweke ndani ya jaketi. Bana viatu kwenye kushukia. Bana kisigino. Helmeti. Usivue skii zote mbili ukaziacha zimelala, skii isiyo na mtu inashuka peke yake hadi kwenye fyodi, baharini kule chini, na wewe unaiangalia.

## Hatua ya 10: Kushuka

Shukeni njia mliyopanda. Mnajua ilivyo.

Mmoja mmoja, wengine wamesimama mahali salama wakimwangalia mpaka asimame, na mahali salama ni kwenye kinundu au mgongo, sio katikati ya mteremko wala chini yake. Theluji itabadilika mara tatu ndani ya mlima mmoja, juu bamba la upepo, katikati unga, chini ukoko unaovunjika na kunasa skii. Kwenye ukoko usione haya kuteleza kwa ubavu au kukata mlalo na kugeuka ukiwa umesimama. Goti ni lako.

Mwezi wa nne na wa tano ni hesabu nyingine: usiku inaganda, jua likipanda inalainika juu sentimita chache na kunakuwa raha tupu, ila ikilowa hadi buti linazama ujue umechelewa, shuka.

## Hatua ya 11: Mwenzako akifukiwa

Kumbuka kwa macho mahali alipoonekana mwisho. Mmoja apige 112 aweke spika, na wote mliosalimika, hata huyo anayepiga simu, toeni transiva kwenye kutuma muweke kwenye kutafuta, zisije zikawachanganya. Anzeni alipoonekana mwisho kwenda chini. Namba ikishuka chini ya 10 punguza mwendo, ikifika 3 shusha kifaa hadi usawa wa theluji, tafuta namba ndogo kabisa. Hapo choma fimbo, kwa mzunguko, kila sentimita 25. Ikigusa kitu kinachobonyea iache ilivyo, usiitoe. Chimba kutoka upande wa chini wa mteremko kuelekea kwenye fimbo, sio kutoka juu yake. Kichwa kwanza, safisha mdomo, kifua kiachie.

Mna dakika kama 10 hadi 15, baada ya hapo uwezekano unaporomoka. Helikopta haitawahi, nyie ndo msaada. Kwa hiyo hili zoezi mnalifanya bustanini kabla ya msimu, ficheni transiva kwenye mfuko mkaifukie, mpaka mtu wa mwisho kwenye kundi aipate bila kufokewa.

## Hatua ya 12: Ukirudi nyumbani

Ngozi zitundike chumba chenye joto la kawaida, usiziweke juu ya hita, gundi inayeyuka. Viatu toa soksi ya ndani ikauke. Transiva zima, na mwisho wa msimu toa betri zisije zikavujia ndani. Kisha mtumie ujumbe yule uliyemwachia njia yako, maana mwaka jana kuna mmoja alifika salama akaoga akalala, na mimi saa mbili usiku nimeshikilia simu nimeshabonyeza moja, moja, bado mbili.